Japani: Watoto Wamepungua, Nani wa Kulaumiwa?

Katika darsa yetu iliyopita ndugu mmoja alisimama akasema: "Watazameni Wajapani. Waliwasomesha binti zao, na leo nyumba zao hazina watoto. Nasi tukiendelea hivi yatatufika hayohayo." Wengi waliitikia. Sisi hatukupenda kumjibu papo hapo, kwani neno linalosemwa juu ya taifa zima lataka kupimwa kwanza. Tena neno hili si dogo. Likitoka darsani huingia majumbani, na huko msichana aweza kutolewa skuli kwa sababu yake. Basi tumelipima, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza, twakiri iliyo kweli. Mwaka wa 1947 makadirio yalikuwa kwamba mwanamke wa Kijapani huzaa watoto wanne na nusu katika maisha yake. Mwaka wa 2024 kiasi hicho kilikuwa 1.15, na watoto wa Kijapani waliozaliwa mwaka huo hawakufika laki saba. Ili watu wa nchi wasipungue, wanawake kumi yawapasa wapate watoto kama 21. Kwa hesabu hii ya Japani hawapati hata 12. Msiba upo. Lililobaki ni kuujua umetoka wapi.

Pili, anayedhani kuwa ujinga wa mwanamke ndio ngao ya nyumba, na azitazame habari za Japani ya zamani. Mwaka wa 1883, wakati wasichana wengi hawajaiona skuli, talaka zilizidi tatu kwa kila watu elfu kwa mwaka. Siku hizi hazifiki mbili. Bibi arusi asiyempendeza mama mkwe aliweza kurudishwa kwao kama chombo kilichokataliwa. Sheria ya mwaka wa 1898 ilizipunguza talaka, lakini ilimfunga mwanamke. Mkuu wa nyumba alipewa mamlaka juu ya wote waliomo, urithi wa nyumba ukawa wa mwana wa kiume wa kwanza, na mke hakuweza kufanya mambo makubwa ya mali pasi na idhini ya mumewe. Mpango huo waliuita "ie", maana yake nyumba.

Tatu, baada ya vita mambo yaligeuzwa kwa kalamu. Mwezi wa Aprili 1946 wanawake wa Japani walipiga kura ya bunge kwa mara ya kwanza, na 39 kati yao wakachaguliwa. Katiba iliyotangazwa Novemba mwaka huo ilisema, katika fungu la 24, kwamba ndoa isimame juu ya ridhaa ya wawili wanaooana, na kwamba mume na mke wawe sawa katika haki. Mwaka wa 1947 sheria ya familia ikaandikwa upya, na "ie" ikafutwa.

Walakini ada haifi siku inapofutwa kitabuni. Mkuu wa nyumba alipotoka kwa mlango, kampuni iliingia kwa dirisha. Baina ya 1955 na 1973 uchumi wa Japani ulikua kwa kasi kubwa. Makampuni makubwa yaliwaahidi wanaume kazi mpaka kustaafu, na kwa ahadi hiyo yakawadai umri wao wote. Mume hutoka asubuhi akarudi usiku. Akihamishiwa mji wa mbali, mara nyingi huenda peke yake. Wajapani wana hata neno la kifo kiletwacho na wingi wa kazi, "karoshi", na mwaka wa 2014 bunge lao lilipitisha sheria ya kuzuia vifo hivyo. Kazi ya namna hii haiwezekani ila awepo mtu mwengine nyumbani wa kulea, kupika na kuuguza wazee. Mtu huyo ni mke.

Serikali nayo iliukaza mpango huo. Mwaka wa 1961 iliweka punguzo la kodi kwa mume ambaye mkewe hana pato kubwa. Tangu 1986 mke anayemtegemea mume mwajiriwa huhesabiwa katika malipo ya uzeeni bila ya yeye kuchanga, madhali pato lake halivuki kiasi kilichowekwa. Kwa hivyo wake wengi hujizuia wasifanye kazi za saa nyingi. Sheria ya 1985 ilitaka wanaume na wanawake wapewe nafasi sawa katika ajira, lakini saa za kazi zilibakia zilezile. Ni kana kwamba mwanamke aliambiwa: ingia, kwa sharti ufanye kazi kama mtu aliyeacha mke nyumbani.

Matokeo yake ni haya. Katika uchunguzi wa serikali wa mwaka wa 2021, mke mwenye mtoto wa chini ya miaka sita alitumia karibu saa saba na nusu kwa siku katika kazi za nyumba na ulezi. Mumewe alitumia saa mbili kasoro dakika chache.

Nne, je, vijana wao wameichukia ndoa? La. Mwaka huohuo wa 2021 vijana wasiooa na wasioolewa waliulizwa, na zaidi ya 80 katika kila mia, wanaume kwa wanawake, walisema wanakusudia kufunga ndoa siku moja. Na waliokwisha kukaa katika ndoa miaka 15 hadi 19 walikuwa na watoto karibu wawili kwa wastani. Pengo kubwa basi li katika kuoana kwenyewe, kwani Japani watoto wazaliwao nje ya ndoa ni kama wawili tu katika mia. Kufikia 2020, wanaume 28 katika kila mia walifika miaka hamsini bila ya kuoa hata mara moja, na wanawake kama 18. Baada ya uchumi wao kuanguka katika miaka ya 1990, vijana wengi walipata kazi za muda tu. Mwanamume asiye na mshahara wa hakika huogopa kuposa; na mwanamke huogopa kuolewa, akijua kuwa mzigo wote utamwangukia yeye.

Hatukatai kwamba msichana aliyesoma huchelewa kuolewa. Lakini kuchelewa si kukataa. Kinachogeuza kuchelewa kuwa kukosa kabisa ni kwamba bei ya ndoa hulipwa na mmoja peke yake.

Basi, ndugu zetu, somo la Japani si kuwatoa binti zetu skuli. Somo lake ni kwamba haki iliyoandikwa haiingii nyumbani mpaka ada imefungua mlango. Tena sisi tusijione bora. Sheria yetu ilimpa mwanamke fungu lake la mirathi katika Surat An-Nisaa kabla ya Katiba yoyote ya leo, na ni dada wangapi baina yetu wanaoambiwa, "Waachie ndugu zako"? Bibi Aisha amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwatumikia watu wa nyumba yake mpaka wakati wa sala, na ni wangapi katika sisi wanaoona aibu kuosha kikombe walichonywea?

Yule ndugu yetu aliogopea nyumba, na hofu yake ni njema. Sisi twamwomba aielekeze mahali pake. Darsa ijayo, kila mmoja na atwambie amemwondolea mkewe mzigo gani.

Wabillahi tawfiq.