Kutenga Chanzo cha Programu na Mazao Yake

Programu ya kompyuta huandikwa kwanza na binadamu, kwa maneno ambayo yeye mwenyewe aweza kuyasoma. Maandishi hayo huitwa msimbo chanzo. Mashine haiwezi kuyatekeleza jinsi yalivyo. Hapana budi yapitishwe katika programu nyingine, iitwayo kompaila, ambayo huyageuza kuwa amri za tarakimu. Kazi hiyo huzaa faili nyingi za kati. Je, faili hizo ziwekwe wapi?

Mwanafunzi aghalabu huziacha papo hapo, katika saraka ile ile yenye chanzo. Kwa programu ndogo hapana dhara. Lakini tuchukue kiini cha Linux, kilichoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, ambacho leo kina mamilioni ya mistari. Chanzo hicho kimoja hujengwa kwa ajili ya prosesa za simu na za kompyuta za mezani pia, na faili ya kati ya prosesa moja haifai kwa nyingine. Ndiyo sababu mjenzi huongeza katika amri yake maneno kama O=../jenzi-simu, na mazao yote huenda pembeni. Prosesa ya pili hupewa saraka yake, ilhali chanzo hubaki kimoja.

Kuna faida nyingine, nayo kwa maoni yetu ndiyo kubwa zaidi. Programu ya Make, iliyotungwa na Stuart Feldman katika Bell Labs mwaka 1976, huamua kitu cha kujengwa upya kwa kulinganisha saa za faili. Saa ya kompyuta ikirudi nyuma, chanzo kilichosahihishwa huonekana cha zamani kuliko zao lake, nacho hurukwa. Mwandishi atahangaika kutafuta kosa ambalo amekwisha kuliondoa! Aliyetenga saraka huifuta yote ya mazao bila hofu, akaanza upya.

Tena kuna suala la kutafuta. Programu ya ctags hutengeneza faharasa ya majina, na katika kihariri vi mtu huruka kutoka jina hadi mahali lilipofafanuliwa kwa kubonyeza Ctrl pamoja na ]. Sasa, baadhi ya mazao ya kati nayo ni maandishi ya lugha ya C, yaliyoandikwa na mashine. Yakichanganyika na chanzo, faharasa huyataja pia, na msomaji aweza kusahihisha faili isiyo chanzo. Ujenzi ufuatao huiandika upya faili hiyo, na jasho la siku nzima hupotea pasipo onyo.