Je, Rebeka Alimwambia Isaka?



Kitabu cha Mwanzo kina sura 50. Mkisoma sura moja kila jioni baada ya chakula, mkianza Jumapili ya Pasaka mtamaliza siku ya Pentekoste. Sura zenye majina marefu ya ukoo, kama ya 5 na ya 36, zipiteni upesi. Ya 34 na ya 38 hazifai masikio ya watoto wadogo; zisomeni ninyi wawili. Lakini mkifika ya 25 hadi ya 27, tulieni, kwa maana hapo mnaingia katika nyumba inayofanana sana na zetu.

Isaka alimwoa Rebeka akiwa na umri wa miaka 40. Pacha wao walizaliwa akiwa na miaka 60. Hesabuni wenyewe: miaka 20 ya kungoja mtoto! Hatusomi kwamba Isaka alichukua mke mwingine, wala kwamba alimlaumu Rebeka. Alimwombea kwa Mungu. Mume ambaye jamaa zake wameanza kunong'ona juu ya mkewe asiyezaa na asome hapo mara mbili. Na katika sura ya 26 mfalme Abimeleki anachungulia dirishani, anamwona Isaka akicheza na mkewe. Kwa hiyo tusiseme hawakupendana.

Basi mambo yaliharibikia wapi? Watoto waliposukumana tumboni, Rebeka alimwuliza Mungu, akajibiwa kwamba mkubwa atamtumikia mdogo. Tafuteni mahali alipomweleza mumewe jambo hilo. Mimi nimetafuta, sikupaona. Maneno ya Rebeka kwa Isaka yaliyoandikwa ni mstari mmoja tu, mwishoni mwa sura ya 27, na hapo analalamika juu ya wanawake Wahiti. Isaka naye hakuandikiwa hata neno moja alilomwambia mkewe. Alipotaka kumbariki Esau, alimwita Esau peke yake. Rebeka akapata habari kwa kusikiliza wakiongea. Baba ana mtoto wake, mama ana wake, na kila mmoja anapanga upande wake.

Si mambo ya kale haya. Baba anamwahidi kifungua mimba kipande cha shamba, mama hajui. Mama anamtumia kitinda mimba pesa za siri, baba hajui. Na wote wawili wanaitakia nyumba mema. Kwa maoni yangu Rebeka hakuwa mwanamke mbaya, na wahubiri wengine humhukumu upesi mno. Lakini alilipa. Alimwambia Yakobo akimbilie kwa mjomba wake akakae siku chache. Yakobo alikaa miaka 20, na Biblia haisemi popote kwamba mama alimwona tena.

Jioni mtakapomaliza sura ya 27, watoto wakiisha kulala, mume na amwulize mkewe: "Mama watoto, kuna jambo gani juu ya watoto wetu ambalo wewe unalijua nami silijui?" Kisha anyamaze, asikilize. Mke naye amwulize mumewe vivyo hivyo. Usiku huo mtu asijibu kwa hasira. Kama jibu ni zito, salini Baba Yetu, mlale, mlizungumze kesho. Sura ya 28 itawangoja.