Jimmy Quinn, mchezaji wa mpira

Jimmy Quinn alizaliwa mwaka 1878 katika kijiji cha Croy, inchi ya Uskoti. Alichimba makaa ya mawe chini ya udongo. Mwaka 1901 aliingia katika kundi la Celtic, mjini Glasgow.

Mwaka 1904 Celtic walishindania Kombe na Rangers, jirani zao. Rangers walitangulia kwa magoli mawili. Quinn hakukata tamaa: peke yake alifunga matatu. Celtic wakashinda.

Mwaka 1905 walikutana tena. Mwamuzi alimfukuza Quinn kiwanjani, akisema amempiga Craig teke. Craig alikuwa mtu wa Rangers, angaliweza kunyamaza. Lakini alishuhudia kwamba Quinn hakumpiga teke. Hata hivyo wakubwa wa mpira walimkataza Quinn kucheza kwa muda.

Quinn alichezea Celtic mpaka mwaka 1915, kisha akarudi mgodini.

Watoto, kushinda ni kuzuri. Kusema kweli kwa ajili ya mshindani wako ni kuzuri zaidi.

Maulizo
1. Quinn alifanya kazi gani kwanza?
2. Kwa nini ilikuwa vigumu kwa Craig kusema kweli?