Kitovu cha Uzito na Mshiko wa Fimbo ya Puli

Mwanafunzi wa Karagwe au Kyerwa awatazamaye vijana wakicheza puli aweza kujiuliza: je, fimbo ishikwe pale inapojisawazisha?

Laza jembe lenye mpini juu ya kidole. Litatulia karibu na chuma, si katikati ya mpini. Hapo ndipo penye kitovu cha uzito. Vivyo hivyo, fimbo ya puli yenye urefu wa sentimita 147 huweza kusawazika sentimita 47 kutoka kitakoni, kwani kitako ni kinene.

Lakini kitovu ni cha fimbo, mshiko ni wa mchezaji. Ncha inapogusa mpira, mkono kutoka kiwiko hadi kiganja yafaa uning'inie wima. Kwa hiyo urefu wa mikono hubadili mshiko.

Tuseme fimbo ina gramu 570, imeshikwa sentimita 27 kutoka kitakoni, na mkono wa mbele uko sentimita 122. Mkono huo huchukua 570 × 20 ÷ 95, yaani gramu 120. Ukishika kitovuni hauchukui kitu, na ncha huinuka kwa urahisi.

Zoezi: mshiko ukiwa sentimita 37, mkono wa mbele utachukua gramu ngapi?