Uzani wa Pweza Umepotea Ndani ya Simu

Mdogo wangu wa njia ya Pangani,

Barua yako imenihuzunisha. Uzani wa pweza wa bamvua zima haupo kwenye programu yako ya simu, kina mama walioshinda mwambani wanadai kilo zao, na mwenyekiti wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi ufukweni, amekutilia shaka mbele ya wachuuzi. Hukuiba, wala hakuna aliyeivamia programu yako. Chanzo kimo kwenye maelezo yako mwenyewe.

Umeichukua Django nzima, mfumo wa Python wa kujengea tovuti, ukaiendesha kwenye kivinjari kwa Pyodide, yaani Python ya kivinjarini, ndani ya sevisi woka, huku hifadhidata ya SQLite ikiandika faili lake humohumo. Ni kazi ya akili, na wazo lenyewe si la ovyo. Sevisi woka hukaa kati ya ukurasa na mtandao, hudaka kila ombi, na Django hulijibu palepale bila bando. WordPress Playground huendesha PHP kivinjarini kwa njia inayokaribiana na hiyo.

Lakini sevisi woka haikuundwa ikae macho. Chrome huizima ikikaa takribani sekunde 30 bila kazi, kisha huiwasha upya ombi jingine likija. Na faili za Pyodide, usipoagiza vinginevyo, hukaa kwenye RAM tu. Ulimpimia mama mmoja, ukaandika, ukatia simu mfukoni ukimngoja mwenzake apande kutoka pwani. Ulipoitoa, Django ilikuwa imeanza upya na faili tupu. Skrini ilisema "Imehifadhiwa" kila mara, nawe ulingoja kujumlisha bamvua likiisha.

Unauliza mbona ulipojaribu mjini Tanga hakikupotea kitu. Ulikuwa umefungua zana za wasanidi za Chrome, na zikiwa wazi kivinjari hakiizimi sevisi woka.

Ungeweza kuagiza faili linakiliwe kwenye IndexedDB, hifadhidata ya kivinjari chenyewe, kila baada ya kuandika, na programu ikasimama. Mimi sikushauri hivyo. Kilo hizo ni malipo ya watu. Zisikae kwenye simu moja inayoweza kuanguka baharini, au kufutwa data na mtu anayetafuta nafasi ya picha.

Irudishe Django kwenye seva. Simuni bakiza ukurasa mwepesi wa kuandikia na sevisi woka ndogo ya kuufungua pasipo mtandao. Kila uzani uingie IndexedDB papo hapo, ukiwa na namba ya kipekee iliyotengenezwa simuni, ili ukitumwa mara mbili seva isiuhesabu mara mbili. Neno "Imehifadhiwa" litokee IndexedDB ikishathibitisha. "Imefika" litokee seva ikishajibu. Kiombe kivinjari hifadhi ya kudumu kwa navigator.storage.persist(). Weka na kitufe cha kutuma, kwa sababu kutuma kwenyewe mtandao unaporudi, ukurasa ukiwa umefungwa, hakupo kwenye Safari wala Firefox.

Kisha andika uzani wa majaribio, izime sevisi woka kwa mkono, uutafute. Fanya hivyo kwenye simu ileile ya kazini.

Uzani uliopotea hautarudi kutoka simuni. Lakini wachuuzi huandika wanachonunua: waendee wewe na mwenyekiti pamoja, mkusanye kilo kutoka kwenye madaftari yao. Na kabla ya bamvua lijalo, simama mbele ya kina mama uwaeleze kilichotokea, na uwaahidi kwamba daftari la karatasi litaandikwa pia mpaka hesabu yake na ya simu zilingane.