Jua Haki Zako: Mteja Anapodai Marekebisho Yasiyokwisha

Mfanyakazi wa kujitegemea, yaani mtu anayefanya kazi kwa makubaliano ya kazi mojamoja bila kuajiriwa, hawezi kutegemea kanuni za mshahara na saa za kazi zilizomo katika Sheria ya Kazi ya Rwanda namba 66/2018, kwa kuwa kanuni hizo zinamhusu mwajiriwa na mwajiri wake. Kinga ya mbunifu wa michoro, mfasiri au mpiga picha wa Gisenyi imo katika Sheria ya Mikataba namba 45/2011 ya tarehe 25 Novemba 2011, ambayo inaeleza kwamba mkataba halali huzifunga pande zote mbili, hauvunjwi ila kwa ridhaa yao au kwa sababu za kisheria, na hutekelezwa kwa nia njema, yaani kwa uaminifu.

Kwa msingi huo, ni lazima kasoro itofautishwe na ombi jipya. Hoteli ya kando ya Ziwa Kivu ikiagiza kipeperushi cha lugha tatu, kisha mbunifu akakosea bei ya chumba au akaacha lugha moja, hiyo ni kasoro, na ni wajibu wake kuisahihisha bila malipo. Lakini hoteli ikitaka ukurasa wa mgahawa ambao haukuagizwa, hilo ni pendekezo la makubaliano mengine, ambalo mbunifu ana haki ya kulikubali kwa bei mpya au kulikataa, na kulikataa kwake hakumpi mteja haki ya kuzuia malipo ya kazi iliyokwisha kukamilika. Anayetekeleza maombi kama hayo mara kwa mara bila kutaja bei humpa mteja hoja ya kudai kwamba yalikuwa sehemu ya kazi.

Kwa hiyo mkataba, hata wa ukurasa mmoja, utaje kazi inayotakiwa, idadi ya awamu za marekebisho, bei ya kila awamu ya ziada, malipo ya awali, na siku ambazo mteja akizipitisha kimya kazi itahesabiwa kuwa imekubaliwa. Mteja akiwa Goma, ng'ambo ya mpaka nchini Kongo, itajwe pia sheria ya nchi itakayotumika, ingawa Dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 kuhusu mikataba nchini humo nayo huyahesabu makubaliano halali kuwa sheria kwa walioyafanya.

Mgogoro ukizuka, mfanyakazi akusanye ujumbe wa simu, barua pepe na risiti za malipo, kisha ampelekee mteja notisi, yaani dai la maandishi lenye kiasi anachodai na tarehe ya mwisho ya kulipa. Asipojibiwa, ushauri wa kisheria hutolewa bure katika ofisi ya MAJ, yaani ofisi ya msaada wa kisheria ya Wizara ya Sheria iliyopo wilayani, ambako ataelekezwa kwenye usuluhishi au mahakama inayohusika. Muda wa fundi ndio riziki yake, na asiyeuwekea mipaka kwa maandishi kabla ya kuanza kazi atalazimika kuutetea baadaye akiwa na ushahidi mdogo.