Kuwaondoa Mbwa na Paka Pasipo Dhulma

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu limeletwa suali ambalo twaona jawabu lake lawafaa wengi. Suali lenyewe ni hili: Mbwa wa kuzurura na paka wasio na wenyewe wamezidi mitaani, huchakura majaa, huchafua nyua, hulala juu ya mikeka na kutuachia viroboto. Je, yafaa kuwatilia sumu katika nyama ili tupumzike?

Jawabu yetu ni kuwa mtu ana haki ya kujiondolea madhara, lakini hana haki ya kuyaondoa kwa dhulma. Tutaeleza hukumu kwanza, kisha njia.

Paka si najisi. Kabsha binti Kaab bin Malik alimtilia mkwewe, Abu Qatada, maji ya kutawadha. Akaja paka kunywa, na Abu Qatada akamwinamishia chombo. Alipomwona Kabsha anastaajabu, alimweleza kuwa Mtume amesema paka si najisi, kwa kuwa ni katika wenye kutuzunguka majumbani. Hadithi hii imo katika Muwatta ya Imam Malik, na wameipokea pia Abu Daud na Tirmidhi. Basi mwenye kumwaga mtungi mzima kwa kuwa paka ameunywa hujitaabisha bure. Mkojo wake na kinyesi chake ndivyo vilivyo najisi, na hivyo huoshwa.

Ama mbwa, katika madhehebu yetu ya Imam Shafi ni najisi, na alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini mbwa mkavu akigusa nguo kavu, nguo hainajisiki. Wala unajisi wake si ruhusa ya kumtesa. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyemkuta mbwa anakula udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha. Mwenyezi Mungu akamghufiria. Wamepokea pia habari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie.

Wako watakaosema kuwa Mtume aliamrisha mbwa wauawe. Ni kweli, lakini hadithi haikuishia hapo. Katika Sahihi ya Muslim imo kuwa baadaye aliwazuilia watu jambo hilo, akaruhusu mbwa wa kuwinda na wa kuchungia wanyama. Wanavyuoni wameafikiana kuwa mbwa mkali mwenye kuuma yafaa kuuawa, na hata huyo hauawi kwa mateso, kwani tumeamrishwa kufanya wema hata katika kuua.

Sasa na tuitazame sumu. Sumu haichagui. Aliyeitega nyama kwa ajili ya mbwa mmoja mkali huua paka wa jirani na kuku wa mjane, na huenda akamdhuru mtoto anayeokota kila akionacho. Na mnyama mwenyewe hufa kwa mateso. Tena faida haipatikani, kwa kuwa jaa lililowaita wa kwanza litawaita wengine. Hali kadhalika maji ya moto, mafuta ya taa na vidonge vya nafthalini: vyote hivyo ni madhara, na nafthalini huwadhuru watoto na paka pia.

Njia iliyo sawa ni kukata sababu. Taka zitiwe katika pipa lenye kifuniko. Matumbo ya samaki yafukiwe mbali, yasitupwe mlangoni. Vyombo vya chakula na maji vifunikwe usiku, kama alivyotuamrisha Mtume. Madirisha ya jikoni na ya msikiti yatiwe wavu wa waya. Mwenye kuwapa paka chakula asimwage barazani. Aweke mahali pamoja, kisha asafishe. Paka anayekuja mara kwa mara hurushiwa maji baridi kidogo, akakoma. Na wakizidi kuzaana, wako wanavyuoni wa zama zetu walioruhusu wafungwe uzazi na daktari wa wanyama ili kuondoa madhara.

Viroboto nao wana siri yao. Wengi hudhani vita ni juu ya mwili wa paka tu, hali mayai ya kiroboto huanguka mkekani, kitandani na katika nyufa za sakafu. Huko ndiko hutoka mabuu, nayo hujifungia katika vifuko ambamo huweza kukaa majuma mengi kabla ya kutoka viroboto wakubwa. Kwa hiyo mnyama atibiwe na nyumba itibiwe pamoja: mashuka yafuliwe kwa maji ya moto, mikeka ianikwe na kukung'utwa, nyufa zifagiliwe, na kazi hiyo irudiwe kila juma. Mtoto akimeza kiroboto kwa bahati mbaya aweza kupata tegu. Tahadhari moja ni kubwa: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini isitiwe paka, kwani humwua.

Limebaki jambo ambalo ndilo zito kuliko yote. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa katika Kenya tangu mwaka 1912, na hadi leo hakijatoka. Karibu watu wote wanaokipata hukipata kwa mbwa, na dalili zikishaonekana, ni nadra mno mtu kupona. Lakini kabla ya dalili kuna kinga. Aliyeumwa au kukwaruzwa na mbwa au paka aoshe jeraha papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akadungwe sindano za kinga, azimalize zote. Kuna wazazi ambao humpeleka mtoto kwanza kunyweshwa kombe au kuvishwa hirizi, na siku zikapita. Dua ni ibada, wala hatuikatazi. Lakini Mtume ametuamrisha kujitibu, na mwenye kuiacha tiba iliyopo amemhatarisha mtoto aliyewekewa amana. Na mwenye mbwa wa kulinda ampeleke kuchanjwa kila mwaka. Mitaa ambayo mbwa wake wamechanjwa kwa uchache 70 katika kila 100 ndiyo hukatikiwa na maradhi haya. Kuwaua ovyo hakukuyakata.

Basi kila mtaa na ukutane, ufanye pipa la taka kabla ya kutafuta sumu. Mnyama hatasimama kutushitaki mahakamani hapa duniani, lakini iko siku ambayo kila haki itarudishwa kwa mwenyewe. Mwenyezi Mungu atuwafikishe. Amin.